Mwalimu Erasto na Akiba ya Mapigo

Tangu walipomzika kaka yake, Mwalimu Erasto alianza kuishi kwa kubana matumizi ya moyo.

Hakuwa bahili wa kitu kingine. Korosho zake walikula wageni, viti vyake waliazima majirani na kuvirudisha vikichechemea. Lakini moyo, alisema, ni jambo jingine. Mungu humpa kila mtu mapigo yake kwa hesabu, kama fundi anavyopewa misumari. Ukiimaliza yote mlangoni, paa utalifunga kwa kamba. Anayekimbiakimbia anatapanya; anayetulia anaweka akiba. Haba na haba hujaza kibaba. Alikuwa amefundisha hesabu mpaka akastaafu, na mtu akifundisha hesabu muda mrefu huanza kuamini kwamba hata Mungu ana ubao na chaki.

Basi mvua ikimkuta njiani hakukimbia; alilowa taratibu, kwa heshima zake. Kanisani, wenzake waliposimama kuimba, yeye alibaki amekaa, anafumbua mdomo bila kutoa sauti, na padri akadhani ni unyenyekevu. Mpira aliusikiliza kesho yake, matokeo yakishajulikana. Hata kubishana na mkewe aliacha. Flora alikuwa amezoea mabishano hayo kama chumvi ya mboga, akakaa wiki nzima anajiuliza amemkosea nini.

Kaka mtu aliitwa Danieli. Alifariki akipanda kutoka bondeni na kiroba cha mpunga kichwani. Anayekaa Newala anaujua mlima ule. Mji umekaa juu ukingoni kama kuku aliyelala darini, na chini huko, mbali, ndilo bonde la Ruvuma. Maji yaliwekwa chini, watu wakawekwa juu, na aliyepanga hivyo hajaulizwa mpaka leo. Danieli alifika nusu ya njia, akatua kiroba, akashika kifua, akaegemea jiwe kubwa lililo kando ya njia, na hakuinuka tena. Erasto alikuwa miongoni mwa waliokipandisha kitanda chenye maiti. Njia nzima aliusikia moyo wake mwenyewe unagonga masikioni, akajua mauti yameanza kumtaka na yeye. Matangani wazee wakasema, moyo wa marehemu ulikwenda mbio mno, ukachoka. Wengine walilisikia neno hilo wakaendelea kula ugali. Erasto alilibeba akaenda nalo nyumbani.

Ikawa kadiri anavyotulia, ndivyo moyo unavyozidi kumgongea kwa vitu vidogo. Akipanda ngazi za baraza la kanisa, anahema. Akiinama kutafuta kandambili, anahema. Naye kila akihema anasema, mnaona, akiba inakwisha, na siku ile anatembea hatua chache kuliko jana.

Mambo yalikuwa yamefika hapo wakati dada yake, Salome, alipokuja kutoka Mnyambe, nyuma ya bodaboda, amejifunga kitenge kipya. Salome havai kitenge kipya bila jambo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo, Mama Dastani?"

"Sijambo. Dastani anaingia jandoni Desemba, shule zikifungwa."

"Mungu ashukuriwe."

"Atatoka Januari. Umenielewa, kaka?"

Alimwelewa tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Kwao jando lilibatizwa tangu enzi za mababu. Padri yupo, sala zipo, msalaba umesimama pale kumbini. Lakini yako mambo ambayo ubatizo uliyapitia pembeni. Siku ya kutoka, mwali, ndivyo aitwavyo mtoto wa jandoni, hakanyagi chini. Anatolewa kanisani juu ya mabega ya mjomba wake mpaka uani kwa mama yake. Si mabega ya baba. Baba, hata awe mwema vipi, ni mgeni aliyekuja kuoa. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na siku hiyo ukoo hutazamwa kwa mabega yake.

"Felix ana nguvu," Erasto alisema. Felix ndiye mume wa Salome, mpasua mbao, mwenye shingo kama gogo.

"Felix ni baba yake. Danieli angekuwepo nisingekusumbua. Sasa nimwambie mwanangu kwamba wajomba wameisha?"

"Ana uzito gani siku hizi?"

"Uzito wa mtoto anayekula."

"Moyo wangu, Salome."

"Kila mtu ana moyo. Wa kwako una nini?"

"Unakwenda mbio."

"Na wewe nenda nao," Salome akasema, akanywa maji yake, akaondoka.

Mchana ule Flora alipanda kutoka chemchemi na ndoo kichwani. Kisima chao cha maji ya mvua kilikuwa na ufa, na bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji pale tu anapotegemewa kiongozi kuja kulizindua upya. Flora akamimina maji kwenye pipa, akala, akajilaza kwenye mkeka. Erasto akamtazama kwa huruma. Kwa hesabu zake, mwanamke yule aliyebeba maji mlima ule tangu usichana alikuwa amebakiwa na mapigo ya kufikia Krismasi, zaidi ya hapo labda kwa neema. Akaona amshike kifundo cha mkono, ajue yamebaki mangapi.

Ukutani kulikuwa na saa waliyompa siku ya kustaafu, inayogonga kila sekunde kama mtu anayekudai. Erasto akasikiliza saa, akasikiliza mkono. Saa ikagonga, mkono wa Flora ukatulia kidogo, kama mama anayemalizia sentensi, ndipo nao ukapiga. Saa ikamtangulia tena. Erasto akapata baridi. Akamtikisa.

"Mama Loveness. Unaendeleaje?"

"Nilikuwa naendelea vizuri mpaka uliponiamsha."

"Husikii kizunguzungu? Husikii mwili kuisha nguvu?"

"Nasikia usingizi. Niachie mkono."

Akamwachia. Akakaa, akajishika mwenyewe. Hapo saa ndiyo iliyoachwa nyuma. Moyo wake ulikuwa unaipita kama bodaboda inavyoipita baiskeli ya mzee, na yeye amekaa kitini, hajafanya kitu tangu asubuhi zaidi ya kutunza akiba. Mwalimu wa hesabu hahitaji kalamu kwa swali kama hilo. Kwa kanuni yake mwenyewe, aliyoitunga mwenyewe na kuihubiri mwenyewe, kila saa moja iliyopita yeye alikuwa ametapanya mengi kuliko mbeba maji. Mlimani Flora alikuwa anatumia mengi, sawa. Lakini akishatua ndoo, siku nzima na usiku kucha alikuwa anarudisha chenji.

Aliirudia hesabu mpaka jioni akitafuta alipokosea, na akatamani sana kwamba amekosea.

Kesho yake akaenda zahanati. Tabibu Winfrida alikuwa amewahi kukaa dawati la mbele darasani kwake, na mpaka leo alisimama kila Mwalimu alipoingia. Akampima presha, akamsikiliza kifua muda mrefu, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena.

"Moyo hauna ugonjwa, Mwalimu. Una uvivu."

"Unakwenda mbio, Winfrida. Hiyo ndiyo inayoitwa uvivu siku hizi?"

"Tuseme wako wanawake wawili, mapipa yao sawa. Mmoja anateka kwa kikombe, mwenzake kwa ndoo. Nani ataenda kisimani mara nyingi?"

"Wa kikombe."

"Basi. Damu inayotakiwa mwilini ni ileile. Moyo wa Mama Loveness unatoa ndoo nzima kwa pigo moja, halafu unapumzika. Wa kwako unakimbia na kikombe. Moyo ni nyama, Mwalimu. Usipoupa kazi unalegea. Ukiupa, kwanza utakwenda mbio, lazima uende, miguu inadai damu yake. Lakini ukikaa utashuka. Na kadiri unavyozoea, utashuka chini zaidi."

Erasto akafunga vifungo vya shati polepole. "Na kaka yangu?"

Winfrida aliweka kipimo mezani kwanza. "Marehemu alikuwa na presha, ya siku nyingi. Vidonge nilimpa, akasema vinamchosha, akaviacha. Ule mlima haukumuua, Mwalimu. Ulimkuta yuko tayari."

Nje mtoto alikuwa anachomwa sindano na kuieleza zahanati nzima.

"Tembea," Winfrida akasema. "Kila siku. Ukiweza kuimba njiani, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Kifua kikibana, kaa chini, uniite. Nusu ya mlima leo, kesho hatua mbele. Januari bado."

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu Newala hakuna mtu anayetembea. Watu wanakwenda. Wanakwenda shamba, sokoni, msibani, kwa shemeji. Ukikutana na mtu anakuuliza unakwenda wapi, nawe unamjibu, hata kwa uongo wa heshima. Mwalimu Erasto aliulizwa asubuhi ya kwanza, akajibu, "Natembea tu," na jibu hilo lilifika sokoni kabla yake. Natembea tu ni jibu la mwizi, au la mtu anayeroga mashamba ya wenzake. Na mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Zilipita siku chache tu, jirani yake Bwanali, ambaye pia ni mwenyekiti wa mtaa, akaja kukaa barazani bila kuvua kofia.

"Mwalimu, watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Unazunguka mikorosho ya watu alfajiri. Huna jembe, huna panga. Unakwenda mikono mitupu, unarudi mikono mitupu. Mwizi angalau angerudi na kitu."

"Nafanya mazoezi ya moyo."

Bwanali alifikiri. "Hilo nisiwaambie," alisema. "Afadhali wizi, una adhabu inayojulikana." Akainuka, kisha akageuka mlangoni. "Shika kitu, Mwalimu. Chochote. Shika hata ndoo."

Mwalimu akashika ndoo.

Sasa, mwanamume wa huko kuteka maji si kosa, mradi ayapakie kwenye baiskeli, madumu manne, apige na kengele njiani ili ionekane ni biashara. Kuyabeba kichwani ni habari nyingine. Siku ya kwanza aliibeba ndoo mkononi, akafika juu na maji ya kunawia uso. Siku iliyofuata akakunja kitenge cha Flora, akakifanya kata, akajitwisha. Pale chemchemi wanawake walitua ndoo kumtazama. Regina, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, akawa wa kwanza.

"Mwalimu, Mama Loveness amefariki lini? Mbona hatukusikia kengele?"

"Mzima, yupo nyumbani."

"Basi ameolewa upya, na wewe ndiye mahari."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo yake, na kumwaga maji Newala si mzaha. Erasto alitaka kujibu, maana jibu alikuwa nalo zuri, lakini pumzi hakuwa nayo. Alipanda akihema, kicheko kinamfuata kama mbwa.

Nyumbani Flora alikaa na pipa lililojaa, mikono imelala mapajani, hajui aifanye nini asubuhi ile. Siku ya tatu akachukua ndoo ya pili.

"Unakwenda wapi?" mumewe akamuuliza.

"Natembea tu," Flora akasema.

Wakawa wanakwenda wawili. Na kwa kuwa Winfrida alisema mtu apime mwendo kwa maneno, mabishano yalirudi. Kwenye mteremko walibishana kuhusu Loveness, binti yao aliyeko Masasi: ni nani aliyemdekeza. Wakati wa kupanda walibishana kuhusu ufa wa kisima. Flora alibishana bila kuhema, sauti imetulia kama anasoma matangazo ya kanisani, na ndoo haidondoshi tone. Mwanzoni Erasto alishindwa kila hoja, si kwa kukosa haki bali kwa kukosa hewa. Kufikia Oktoba alikuwa anamaliza sentensi. Kufikia mwezi uliofuata, uraka, pombe ya mabibo, ukiwa unanukia kila uani, alikuwa anamkatiza.

Lakini lile jiwe alilikwepa. Walipolikaribia alinyamaza, akapita upande wa pili wa njia, macho chini, na moyo uliokuwa umetulia vizuri ukaanza upya kama umeitwa jina. Flora alikuwa anaona. Asubuhi moja alitua ndoo yake palepale, akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu.

"Hapo si pa kukaa," Erasto akasema.

"Shemeji alipaona panafaa. Kaa."

Erasto akakaa, nusu tako. Moyo ukawa unagonga kooni, mbavuni, hata kwenye meno. Akasubiri ubane, umwangushe. Chini bonde lilikuwa limejaa ukungu mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Akaweka vidole shingoni, akahesabu bila kutaka, halafu akaacha kuhesabu, akawa anasikiliza tu. Ukagonga. Ukagonga. Kisha, bila yeye kuufanyia chochote, ukaanza kurudi nyuma, kama mgeni aliyegonga, akaambiwa mwenyewe yupo, akaketi.

Ndipo alipogundua jambo linalomfaa mtoto wa darasa la tatu. Hofu na mlima hubisha mlango uleule, kwa mkono uleule, na miaka yote hii yeye alikuwa akisikia hodi tu anakimbilia kitandani. Hajawahi kukaa hata mara moja aone anayebisha anataka nini. Akamfikiria Danieli, ambaye naye huenda siku nyingi alisikia hodi, ya kweli ile, akaizima kwa utani na kiroba kingine cha mpunga. Ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja hakuusikiliza moyo wake hata kidogo, mwingine hakusikiliza kitu kingine.

"Umemaliza?" Flora akauliza.

"Bado kidogo."

"Haya. Ufa wa kisima ulisema utaziba lini?"

Januari mvua zilikuwa zimeshika. Mnyambe mchanga ulilowa, ukawa unameza miguu. Mwali Dastani alitoka kanisani na shati jeupe, miwani ya jua ya plastiki na sura ya mtu aliyekabidhiwa mkoa. Erasto akachuchumaa, Felix akampandisha mtoto, ngoma zikajibu kengele, na ukoo wa Salome ukasimama juu ya miguu ya mstaafu.

Sehemu ya tambarare alikwenda vizuri, hata akayumbisha mabega kidogo, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini kabla ya uani kwa Salome kuna mwinuko, mfupi, ambao mtu asiye na mzigo hauoni. Ngoma zikamzunguka, zikamziba njia zikimtaka acheze, kama ilivyo desturi. Miguu ilizama mchangani. Moyo ukapanda, ukafika masikioni. Akajaribu kusema kitu, chochote, amwambie Dastani ashike vizuri. Sauti haikutoka.

Ukishindwa kuongea, punguza. Akapunguza. Akapunguza tena. Akasimama.

"Mjomba ameishiwa mafuta," mpiga ngoma mmoja akasema, na watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana Mwalimu alikuwa amefumba macho na jasho linadondoka kidevuni. Waliokuwepo kwenye mazishi ya Danieli wakatazamana. Felix akasogea, mikono ile ya kupasua mbao imenyooka mbele, bila kiburi wala dhihaka.

"Shemeji, nipe. Hakuna ubaya."

Salome alikuwa mbele, mlangoni mwa ua. Alishusha mkono uliokuwa umeinua kanga.

Erasto akatikisa kichwa. Akabaki amesimama katikati ya njia, mtoto begani, ngoma zimekatika, mvua nyepesi inaanza. Alisikiliza. Kifua hakikubana. Ilikuwa ni ile hodi ya mlima, na nyuma yake ile nyingine, zote mbili kwa pamoja, na yeye anangoja kama alivyongoja pale kwenye jiwe. Flora akapenya katikati ya wapiga ngoma, akasimama ubavuni mwake, akatazama mbele kama watu wanaosubiri basi.

"Baba Loveness," alisema, "banda la kuku hukulifunga."

Erasto akafumbua mdomo, ukatoka upepo tu.

"Tumeacha kuku wote nje, na kule kuna vicheche. Nilikuambia ulifunge, ukasema ndiyo, hukulifunga."

Mwalimu akameza mate. "Nili..." alisema. Akavuta pumzi. "Nililifunga."

"Hukulifunga."

"Nimelifunga mwenyewe. Kwa waya."

"Waya upi? Ule niliokuambia ununue?"

"Ulisema nisinunue. Jumapili. Mbele ya Bwanali." Na mguu wa kulia ukatoka mchangani, ukafuatiwa na wa kushoto. "Wewe ndiye uliyesema waya wa zamani unatosha, na mimi nikasema..."

Walipanda hivyo mwinuko mzima, wanabishana kuhusu waya. Wapiga ngoma hawakuwa wamefundishwa mdundo wa jambo kama hilo, wakaufuata mwendo wa mabishano, taratibu, mpaka uani. Pale Erasto akachuchumaa juu ya mkeka, Dastani akashuka, na Salome akarusha kanga juu na kupiga kigelegele kilichosikika, wanasema, mpaka barabara kuu.

Baadaye Mwalimu alikaa kwenye kigoda chini ya upenu, miguu imejaa mchanga. Flora aliushika mkono wake, vidole kwenye kifundo. Saa haikuwepo, na hakuna aliyeitafuta. Dastani akaja, amevua miwani.

"Mjomba, shingo yako ilikuwa inanigonga mapajani. Nilidhani itapasuka."

"Na mimi nilidhani hivyo. Hebu shika."

Mtoto akaweka kiganja shingoni, akakunja uso kwa kusikiliza.

"Bado inagonga. Lakini polepole."

"Ngoja," Mwalimu Erasto akasema. "Inarudi."

Wakangoja, watatu. Flora akasema waya ule wa zamani una kutu, kila mtu anajua. Erasto alikuwa na jibu, na safari hii pumzi alikuwa nayo, lakini alilihifadhi kwa ajili ya mlima wa kesho.